Jengo la mbao nyuma ya kanisa, madirisha kibao upande mmoja. Ni shule?

Dereva_wa_Machakos
Wadau, naendesha lori hapa Marekani, mwaka wa sita sasa. Juzi barabara kuu ilifungwa kwa ajali, simu ikanizungusha njia za ndani, Kaunti ya Halifax, North Carolina. Mashamba ya pamba pande zote, nyumba moja moja. Nikasimama kando ya kanisa dogo ninywe chai yangu ya chupa. Nyuma yake kuna jengo la mbao juu ya vinguzo vya matofali, rangi imekwisha, bati limebonyea, mimea ya kutambaa imeingia hadi ndani. Kilichonishangaza ni madirisha: upande mmoja sita yamebanana, marefu karibu yafike darini. Nikachungulia, ubao mweusi bado uko ukutani. Mbona limeachwa hivi, na kanisa lenyewe nyasi zimefyekwa vizuri?

BintiWaDurham
Kaka, kwa hayo madirisha nahisi ni shule ya Rosenwald. Julius Rosenwald alikuwa mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck kule Chicago. Mwaka 1912 Booker T. Washington, mkuu wa Tuskegee, chuo cha watu weusi kule Alabama, alimshawishi atoe pesa za shule za watoto weusi vijijini, maana serikali za majimbo ya Kusini ziliwatupia makombo. Kufikia 1932 yalikuwa yamejengwa majengo zaidi ya 5,300 katika majimbo 15, na North Carolina iliongoza kwa zaidi ya 800. Umeme haukuwepo, ndiyo maana ya madirisha. Ramani ya ujenzi ilitaka jua liingie kushoto kwa mtoto, kivuli cha mkono anaoandikia kisianguke kwenye daftari.

Mzee Kijana
Msimpe tajiri sifa zote. Ile ilikuwa harambee! Hakutoa senti mpaka wanakijiji wachange. Walitoa ardhi, mbao, nguvu zao, wengine walitenga kipande cha pamba, mavuno yake yakauzwa kwa ajili ya shule. Jumla watu weusi walichanga dola milioni 4.7, yeye milioni 4.3. Na kodi walikuwa wameshalipa!

BintiWaDurham
Kweli kabisa. Kuhusu kuachwa: mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza kutenganisha wanafunzi kwa rangi, lakini huku Kusini walivuta miguu hadi miaka ya sitini. Watoto walipohamishiwa shule kubwa za pamoja, hizi ndogo zikafungwa. Nyingine zikauzwa, nyingine zikarudi kwa makanisa, nyingi zikaoza tu. Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, kina kadi za kumbukumbu za mfuko wa Rosenwald uliofadhili shule hizo, pamoja na picha, linganisha na yako. Ila usiingie bila ruhusa, hizo sakafu zitakumeza.

Dereva_wa_Machakos
Mrejesho. Jumapili nilipita tena, nikangoja ibada iishe. Mzee mmoja wa kanisa akacheka nilipomuuliza. Alisoma hapo darasa la kwanza, akanionyesha dirisha la tatu, ndipo alipokaa, karibu na jiko la kuni. Anasema wenye bahati ya joto ndio waliosinzia wakachapwa. Sasa wanaweka humo viti vya mazishi, upande ambao hauvuji. Nikauliza kwa nini wasitengeneze bati. Akanitajia bei aliyopewa na fundi, nikajikuta natazama viatu vyangu. Nimeacha dola arobaini na namba yangu ya simu. Mwezi ujao napeleka mzigo Weldon, nitabeba panga nifyeke hiyo mimea.