Emuleta na simuleta za meinfremu: mhadhiri kanichorea mstari mwekundu

KadiTupu
Wakuu habari za jioni. Nimekwama kwenye jambo nililodhani dogo.

Chuoni tulipewa kazi ya kuandika programu ya mishahara kwa lugha ya COBOL na kuiendesha kwenye MVS 3.8j, mfumo endeshi wa meinfremu (kompyuta kubwa za makampuni) za IBM, ndani ya Hercules, programu inayoifanya laptopu ijifanye meinfremu hiyo. Nikaweka TK4- (kifurushi chenye Hercules na MVS tayari) kwenye laptopu, nikaingia kama mtumiaji HERC01, nikatuma jobu yenye kadi 2,000 za wafanyakazi 2,000. Ikaisha kabla sijageuza shingo. Kwenye ripoti nikaandika: "Meinfremu ya miaka ya 70 ingemaliza mishahara ya watu 2,000 kwa sekunde chache." Mhadhiri kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika: "Hercules ni emuleta, si simuleta. Kasome tofauti."

Nimesoma mpaka macho yanauma, kila mtu anasema lake. Eti emuleta inaiga mashine, simuleta inaiga tabia. Sasa tabia ya mashine si ndiyo mashine yenyewe?

Bwana_Kebo
Kitu kimoja hicho mkuu. Mwandikie anachotaka, chukua maksi zako, maisha yasonge.

Opereta_Mstaafu
Bwana Kebo usimpoteze kijana. Mhadhiri yuko sahihi, ila kabana maneno mno.

Mimi nimekula miaka chumba cha mashine. Kwetu kulikuwa na meinfremu ya ICL, kampuni ya Uingereza, ya jamii ya 2900, lakini kutwa nzima ilijifanya 1900, mashine ya zamani iliyoitangulia. Faili za mishahara zilikuwa za 1900, herufi ya biti 6, ndiyo maana majina ya watu yote yalitoka kwa herufi kubwa. Hali ile tuliiita DME, basi. Hakuna aliyekaa kujiuliza kama ni emuleta au mdudu gani.

Neno lenyewe lina kwao. Aprili 1964 IBM walitangaza System/360, na balaa likawa hapohapo: wateja maelfu walikuwa na 1401, kompyuta ya IBM ya kabla yake, na programu za 1401 hazielewani na 360 hata kidogo. Desemba 1963 washindani wao Honeywell walishatangaza mashine yao ya 200 kuwavizia wateja haohao. Ukimwambia mteja aandike programu zake upya wakati jirani yako anamwambia aje nazo kama zilivyo, umempoteza.

Njia ya kwanza ni kuandika programu juu ya 360 inayosoma amri za 1401 moja moja na kuzitekeleza. Hiyo ndiyo waliyoiita simuleta. Inafanya kazi, ila inajikokota. Chukua amri moja tu ya kujumlisha. Kwenye 1401 namba haina urefu maalumu: unaanza na tarakimu ya mamoja, unakwenda kushoto mpaka ukute herufi iliyowashwa biti ya alama ya neno, ndipo namba inapoishia. Anwani nayo ni herufi 3 tu, na zinatakiwa zifike 15,999, kwa hiyo maelfu yamefichwa kwenye biti za ziada za herufi hizohizo. Programu tupu ikibebeshwa kazi hiyo lazima ifumbue anwani, ijumlishe tarakimu, ibebe moja, itazame alama, irudi tena. Amri 1 ya 1401 inakula amri nyingi za 360.

Njia ya pili ndiyo waliyoipa jina jipya, emuleta. Kazi ile nzito waliishusha chini kabisa, kwenye maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani yanayoiongoza prosesa yenyewe. Model 30 ya 360 ilihifadhi maikrokodi yake kwenye kadi za plastiki zilizotobolewa, umbo kama la kadi ya kawaida (nasikitika sikuwahi kuishika hata moja). Ukiweka maikrokodi ya 1401, prosesa yenyewe inaijua alama ya neno, na programu ya mteja inakwenda kasi kuliko ilivyokwenda kwenye 1401 halisi.

Kwa lugha ile ya 1964 basi, Hercules yako kijana ni SIMULETA. Ni programu tupu juu ya prosesa ya laptopu, haina maikrokodi yoyote ya IBM chini yake. Usimwambie mhadhiri hivyo kabla hajatoa matokeo.

Maana ilihama. Leo emuleta ni ile inayokalia kiti cha mashine: unaipa programu, inakupa jibu lilelile, namna inavyolipata ni siri yake. Simuleta inajengwa ili ujue jambo fulani kuhusu mashine, kwa mfano muda, na huenda programu yako isiiguse kabisa. Wewe uliuliza swali la muda ukaenda kulijibu kwa emuleta. Printa ya 1403 kwenye Hercules ni faili la maandishi. Printa ya 1403 ya kweli, modeli N1, ilichapa mistari 1,100 kwa dakika. Kama hati ya mshahara ina mistari 12, watu 2,000 ni mistari 24,000, karibu dakika 22. Kisomakadi cha 2540 kilisoma kadi 1,000 kwa dakika, ongeza dakika 2. Hesabu hiyo niliyofanya hapa kwa kalamu, hiyo ndiyo simuleta, japo ya kimaskini.

KadiTupu
Shikamoo mzee. Hapo nimekupata. Lakini SIMH, programu nyingine ya kuiga mashine za zamani, nayo inaendesha programu za 1401 kama Hercules inavyoendesha za System/370, mrithi wa 360, na wao wenyewe wanajiita simuleta. Inakuwaje?

Opereta_Mstaafu
Marahaba. Mtoto hupewa jina na mzazi wake. Bob Supnik, mwanzilishi wa SIMH, aliita simuleta, watu wa Hercules wakaita emuleta, kazi ni ileile. Usihukumu kwa jina, uliza kinachoahidiwa: jibu sahihi, au picha sahihi ya mashine ikiwa kazini?

Nodi_ya_Tatu
Na VM/370 ya IBM je? Ile nayo inaleta mashine ndani ya mashine.

Opereta_Mstaafu
Hiyo iache pembeni. Kwenye VM amri nyingi za mgeni (mashine ya ndani) zinakwenda moja kwa moja kwenye prosesa, kwa sababu mgeni na mwenyeji (mashine halisi) ni jamii moja. Zinazodakwa ni zile za kudhibiti mashine, kama kuanzisha diski au printa. Haigizwi mtu pale.

KadiTupu
Nimeiandika upya ile sentensi. Tatizo mzee, hati yangu haina mistari 12. Ina 31, nilichora nembo ya kampuni kwa nyota.

Opereta_Mstaafu
31 mara 2,000 ni 62,000. Dakika 56, na opereta amesimama anabadilisha boksi za karatasi. Toa nyota.