Naomba ushauri: godoro la sponji, springi au mpira wa asili?

Habari zenu wakuu. Tunabadilisha kitanda, tumekwama kwenye godoro. Mimi na mwenzangu tumepishana sana uzito. Mimi nalalia ubavu, yeye chali, na akigeuka usiku lazima niamke.

Nimejilaza kwenye aina zote tatu dukani. Springi zilizoshonewa kila moja kwenye mfuko wake zimenivutia: mtikisiko hausambai sana na hewa inapita. Mpira wa asili unasifiwa kwa kudumu, ila kuugeuza ni kazi, na bei yake mh! Sponji ndiyo nafuu, lakini wauzaji wanachanganya ugumu na uzito wa sponji. Godoro linaweza kuwa gumu na bado likabonyea mapema kwa sababu sponji yake ni nyepesi. Nikiuliza ni kilo ngapi kwa mita ya ujazo, najibiwa "hii ngumu kabisa".

Sasa, kwa watu wawili kama sisi, sponji ya kilo 40 kwa mita ya ujazo itahimili miaka, au nijikaze ninunue springi za mifuko? Na chaga zangu zimeachana sentimita 10: zinatosha kwa sponji, au niongeze nyingine kwanza?