Wamenifungia stabilaiza ya milimita 22 kwenye breketi za zamani, breketi imekatika Kitonga mama yangu akiwa ndani ya gari

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa Iringa mjini. Gari liko uani kwa shemeji yangu, na ile stabilaiza ya nyuma iko kwenye buti, nimeiviringisha kwenye gunia. Nilisema nisubiri siku mbili hasira zipoe ndipo niandike, lakini kila nikifungua buti nikaona kile chuma zinarudi upya. Gereji siitaji jina. Iko Dar, inajinadi kuwa ni ya Subaru, na wengi wenu mmeshapeleka magari pale au sehemu za aina ile.

Gari langu ni Impreza station wagon ya 2004, cc 2000, haina turbo. Ninalo mwaka wa sita. Shokapu zote nne nilibadilisha mwaka jana, matairi hayana mwaka. Tatizo langu lilikuwa moja: nikipakia familia na mizigo, gari linalala sana kwenye kona. Kila Desemba nampeleka mama nyumbani Iringa, na kila tukifika Kitonga, ule mlima wenye kona kali kabla ya Iringa, anatapika. Ni mtu mzima, ana miaka 71, na zile kona zinamsumbua mwili mzima, anafika nyumbani hawezi hata kula. Kwa hiyo nikaamua kumnunulia stabilaiza nene ya nyuma. Nimeandika "kumnunulia" kwa sababu nia ilikuwa hiyo. Sikutaka mashindano wala sifa.

Kwa asiyeijua: stabilaiza ni kile chuma cha duara kinachopita chini ya gari kutoka tairi la kushoto hadi la kulia. Katikati kimeshikwa na bushi mbili ndani ya breketi, yaani vishikizi vinavyofungwa kwenye gari, na mwishoni kina linki zinazokiunganisha na mikono ya tairi. Magurudumu mawili yakipanda pamoja chenyewe hakifanyi kitu, kinazunguka tu kwenye bushi zake. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, kama gari linapolala kwenye kona, ndipo chuma kinasokotwa na kukataa, na kwa kukataa huko bodi hailali sana. Nguvu yote ya kukataa inaishia kwenye zile breketi mbili. Naomba mlishike hilo la breketi.

Ya kiwandani kwenye gari langu niliipima unene kwa venia (kile kipimo cha milimita) nikapata 17. Niliyouziwa ni 22. Mtu akisikia anaona ni milimita tano tu. Lakini ugumu wa chuma cha duara unapokisokota hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Gawa 22 kwa 17, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe hadi litokee mara nne, unapata kama 2.8. Karibu mara tatu! Kwenye kona mzigo hautafika huko kwa sababu gari lenyewe litakuwa linalala kidogo. Ila tairi moja likitumbukia kwenye shimo, chuma kinasokotwa kwa kiasi kilekile cha zamani, na breketi inabeba yote. Na barabara zetu mnazijua.

Breketi za nyuma za Impreza za kizazi hiki ni vipande vya bati lililokunjwa. Kwa chuma cha kiwandani zinatosha kabisa, miaka ishirini zimekaa. Kwa chuma kinene hazitoshi, na hiyo si siri. Wenye Impreza duniani kote wanalijua, ndiyo maana Whiteline wa Australia na wengine wanauza breketi nene za kubadilisha, maalumu kwa kazi hiyo. Mimi sikujua. Mimi ni mhasibu. Nilikwenda kwa watu wanaosema kazi yao ni Subaru ili wanijulie mambo kama hayo, na nikawalipa.

Nililipa hivi: chuma 480,000, ufundi 120,000, "vifaa vidogo vidogo" 30,000. Jumla 630,000. Risiti ninayo, imeandikwa "stabilaiza ya nyuma, seti kamili na kufunga". SETI KAMILI.

Siku ya kufunga nilikaa pale mpaka mchana. Niliona wamepiga jeki upande wa kulia tu, kushoto tairi liko chini. Nikamuuliza kijana, mbona hamnyanyui nyuma yote? Akaniambia, "Bosi, hii ni kazi ya nusu saa." Sasa ukinyanyua upande mmoja, mkono wa kulia unaning'inia na wa kushoto uko juu, kwa hiyo chuma kinatakiwa kifungwe kikiwa kimesokotwa. Tundu la linki halikutani na tundu la chuma. Unyanyue nyuma yote, au nyuma yote iwe chini juu ya shimo la gereji, bolti inaingia kwa vidole. Wao walileta mtaimbo. Mmoja anasukuma kwa mtaimbo, mwingine anagongea bolti kwa nyundo. Nikaona vibaya lakini nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakoniuma. Nikaenda kula. Niliporudi gari limeshashushwa, limeoshwa, linanisubiri.

Kona zilibadilika kweli, sitasema uongo. Kutoka Ubungo hadi Kibaha gari lilikuwa limetulia mpaka mke wangu akasema. Kwa hiyo chuma chenyewe sina ugomvi nacho.

Siku ya tatu likaanza kulia. Nikipita tuta, nyuma inatoa mlio kama mlango wa zamani wenye bawaba kavu. Baada ya wiki mbili ikaongezeka nyingine, "ko, ko", upande wa kushoto, tairi likigusa kiraka. Nikarudi gereji. Msimamizi akamwita fundi, fundi akasimama nyuma ya gari, akalitikisa kwa mikono mara mbili, akasema, "Hiyo itazoea tu bosi, bushi mpya hizo." Hakuinama. Hakuleta jeki wala tochi. Mtu amelipwa laki moja na ishirini, na kupiga magoti kwenye sakafu ya gereji yake kuangalia kazi ya mikono yake kukamshinda!

Nikamwamini. Wiki iliyofuata tukaondoka Dar saa kumi alfajiri: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama kakaa mbele. Mikumi matuta yote yakalia. Tukapita Ruaha Mbuyuni, mama akanunua vitunguu, tukaanza kupanda Kitonga.

Kona ya tatu au ya nne kwenda juu, nyuma ya lori la mbao, tairi la kushoto la nyuma liliingia kwenye lami iliyobonyea. Nikasikia kishindo chini kama jiwe kubwa limerushwa kwenye sakafu ya gari. Nyuma ikayumba. Bonde liko pale, wanaoijua Kitonga wanaelewa ninachosema. Mtoto mdogo akapiga kelele. Mama akashika dashibodi kwa mikono miwili, akasema, "Baba, simamisha." Lakini Kitonga unasimama wapi, nyuma yako kuna malori manne yamebana? Nikaenda hivyohivyo mwendo wa mtu anayetembea, kila kiraka chuma kinapiga chini, mpaka juu, kisha mpaka Ilula.

Ilula nikaelekezwa kwa fundi mmoja anayetengeneza malori kando ya barabara. Hana lifti, hana bango. Akapiga jeki mbili nyuma, akaweka magogo, akalala chini juu ya boksi. Dakika kumi, kwa spana namba 14 na 12, stabilaiza ikawa imetoka yote. Akasema, "Mzee, utaendesha bila hii, kona nenda taratibu, itakuwa inalala kuliko zamani lakini haitakuua. Hii ingeendelea kukaa hivi ingekuja kupiga paipu ya breki." Chuma kilikuwa kimelala juu ya ekzosi. Alinidai 10,000.

Halafu akanipa mkononi kipande cha breketi ya kushoto, ndiyo iliyokuwa imekatika. Akaniambia niangalie palipokatika. Robo tatu ya mkato ilikuwa ya kahawia, ina kutu. Robo iliyobaki ilikuwa inang'aa nyeupe kama chuma kilichokatwa asubuhi ileile. Akanieleza: pale penye kutu ufa ulishaanza siku nyingi, maji na hewa vikaingia. Penye kung'aa ndipo palipokuwa pamebaki, na ndipo palipokatika Kitonga.

Someni tena hapo. Siku niliyorudi gereji na ile "ko, ko", ufa ulikuwa upo. Mtu mwenye tochi angeuona kwa dakika mbili. Wakanirudisha barabarani na mama yangu na watoto wangu.

Nilipofika Iringa nikatoa lile boksi la stabilaiza ambalo gereji walinirudishia kwenye buti. Sikuwa nimelifungua tangu siku ya kufunga. Chini kabisa kuna karatasi ya maelekezo, bado imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani, mikunjo haijawahi kufunguliwa. Ina picha, hata asiyejua Kiingereza anaelewa. Picha ya pili inaonyesha gari limenyanyuliwa pande zote mbili. Chini yake kuna onyo ndani ya kisanduku kwamba breketi za kiwandani zikaguliwe na kwa aina fulani za magari zibadilishwe. Na pembeni ya karatasi kuna pakiti mbili ndogo za grisi. Zimefungwa! Hazijachanwa!

Zile bushi si za raba, ni za poliyurithani, ngumu, na haziwezi kukaa kavu. Lazima zipakwe ile grisi nzito ndani ili chuma kizunguke. Zikiwa kavu zinang'ang'ania chuma, hata kwenye tuta la kawaida ambapo stabilaiza haikutakiwa kufanya kazi yoyote, na kila ung'ang'anizi huo unabebwa na breketi. Ndiyo maana gari lilikuwa linalia kwenye matuta. Huo mlio ulikuwa unasema kila siku kwamba sijapakwa grisi, na fundi akasema itazoea.

Kuna jingine. Mwishoni mwa chuma kuna matundu matatu kila upande. Ukifunga la nje kabisa, mkono unakuwa mrefu na chuma kinakuwa laini. La ndani, karibu na kona ya chuma, ndilo gumu kuliko yote. Mimi wamenifungia la ndani pande zote mbili. Nani aliwaambia? Gari la familia, nyuma ngumu hivyo, siku ya mvua matairi yakiwa yamechoka, nyuma ndiyo inayoachia kwanza. Hilo ni jambo la kumuuliza mwenye gari kabla ya kukaza bolti. Linki wamerudisha za zamani, raba zake zina nyufa, na nati ni zilezile zenye plastiki ambazo hazitakiwi kutumika mara ya pili. Ile 30,000 ya vifaa vidogo ililipia nini?

Nilimpigia msimamizi nikiwa Ilula. Swali lake la kwanza: "Kwani ulipita barabara gani?" Nikamwambia Kitonga. Akasema, "Aah, ile barabara mbovu bosi, hapo hatuwezi kuwajibika." Barabara kuu ya kwenda Zambia, inayobeba mabasi na malori usiku na mchana! Nikamtumia picha ya breketi na ya pakiti za grisi. Amezisoma, hajajibu hadi leo.

Najua wapo watakaosema ningebaki na ya kiwandani. Nimewasikia mapema. Sikubali. Kitu hiki kinafungwa kwenye magari madogo miaka nenda rudi na kinafanya kazi kikifungwa inavyotakiwa: breketi nene, grisi, linki nzima, pande zote zimenyanyuliwa, anza na tundu laini, kisha baada ya siku chache bolti zirudiwe kukazwa. Yote hayo yako kwenye ile karatasi ambayo hawakuifungua.

Nikirudi Dar Jumatatu naenda pale na kipande cha breketi, boksi, pakiti zake na risiti. Nataka 630,000 yangu, au wanunue breketi nene, linki mpya, wafunge upya mbele ya macho yangu na karatasi ikiwa wazi juu ya boneti. Wakikataa naenda mbele, na nitaomba ushauri hapahapa kwa wanaojua taratibu za madai madogo.

Mama amekataa kurudi na gari. Nimeshamkatia tiketi ya basi ya Jumapili.

Mwenye breketi ya nyuma ya kushoto ya Impreza ya 2004, nzima, isiyo na kutu wala alama ya kuchomelewa, anitumie ujumbe. Na kama kuna mtu ana uzoefu wa kuagiza zile nene hadi Dar, naomba aniambie zilimchukua muda gani na forodha alilipa kiasi gani.