Mrejesho: kompyuta iliyokuwa inazima ikiwa na 40%

Jambo wote. Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini kompyuta yangu ya mkononi inazima ghafla na huku inaonyesha chaji 40%. Kaka mmoja hapa aliniambia nifungue dirisha la amri la Windows, niandike powercfg /batteryreport. Juzi usiku, umeme uliporudi hapa Kadutu, mjini Bukavu, nikafanya hivyo.

Ripoti ikahifadhiwa kama faili, nikaifungua. Betri ilitengenezwa kubeba 41,040 mWh (kipimo cha umeme unaohifadhiwa). Leo ikijaa kabisa inabeba 17,900 tu. Kumbe ile 100% niliyokuwa naiona kila asubuhi haifiki hata nusu ya betri ilipokuwa mpya! Namba hizo mbili zimenifungua macho kuliko maelezo yote ya mafundi.

Ili kipimo cha chaji kijirekebishe, nikaijaza, nikaiacha iishe mpaka ikazima yenyewe, nikaijaza tena bila kuichomoa. Sasa inashuka mbio, ndiyo, lakini haidanganyi: jana ilifika 6% ikiwa bado inawaka, nikapata nafasi ya kuhifadhi kazi yangu ya mémoire, ile ya kumaliza chuo. Fundi aliyetaka kubadilisha ubao mkuu mzima wa kompyuta (motherboard) nimemkatalia, nanunua betri. Kaka, aksanti sana, Mungu akubariki.