Naomba ushauri: tangazo langu la kwanza la video la mafuta ya nazi, Tanga

Binti wa Ngamiani
Habari za jioni wanajukwaa. Ninatengeneza mafuta ya nazi hapa Tanga mjini, na nazi ninazinunua Pangani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwauzia majirani na akina mama wenzangu wa kikoba. Sasa nimeyapa mafuta jina, nimechapisha lebo, na nimekubaliana na kijana mmoja mpiga video anitengenezee tangazo la kwanza. Kinachoninyima usingizi ni urefu wake. Yeye anataka dakika moja na nusu ili hadithi itimie, ilhali matangazo mengi niliyoyaona kwenye televisheni ni ya sekunde 30. Nichague lipi? Naombeni mnijibu mapema, kazi inaanza wiki hii.

Fundi Sauti
Dada yangu, urefu huamuliwa baada ya kujua ndani kuna nini. Kwa msomaji anayesoma kwa utulivu, sekunde 30 hubeba maneno 60 hivi, na ukizidisha unamlazimisha akimbie. Tuandikie mpangilio: mtazamaji anaona nini kwanza, chupa inatokea sekunde ya ngapi, na mwisho anaambiwa akanunue wapi. Kumbuka pia kwamba watu wengi hutazama video kwenye simu wakiwa wamezima sauti, ndani ya daladala au kazini, kwa hiyo jina la mafuta lisiposomeka mapema kwenye kioo, kwao tangazo halina mwenyewe.

Mzee wa Chumbageni
Binti yangu, mimi nitasema juu ya muziki, kwa sababu ndio unaokaa kichwani. Mji huu ndio uliozaa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na sisi tuliokuwa vijana wakati huo tulikuwa tukisimama nje ya ukumbi ili tusikie tu, hata kama kiingilio hatuna. Mafuta ya nazi na taarabu ya Tanga ni ndugu. Weka wimbo wa zamani, watu watanunua.

Binti wa Ngamiani
Shikamoo mzee wangu, nashukuru, hata mimi nimekwisha kuchagua wimbo wa zamani wa taarabu. Mpangilio ni huu: droni inaruka kutoka Raskazone kuelekea Kisiwa cha Toten, kisha jahazi linaingia, kisha wanawake wanakuna nazi, kisha sauti inaeleza jinsi bibi yangu alivyonifundisha kazi hii, na chupa inatokea sekunde ya 70 pamoja na maneno "yanaotesha nywele na kuponya mba". Ninaipenda picha ya jahazi na nisingependa iondolewe.

Fundi Sauti
Hapo kuna mambo mazito kuliko urefu. Kurusha droni nchini kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mpiga video wako akuonyeshe hicho kibali kabla hajaiwasha. Wimbo nao una wenyewe: mtunzi, waimbaji na mwenye rekodi, na hata mwimbaji akifariki haki zake hubaki kwa warithi. Anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize nani anatoa ruhusa, au mlipe mpiga udi wa hapo hapo Tanga akutungie sekunde chache ambazo zitakuwa zako kwa maandishi. Tena, sekunde 70 bila kuona chupa ni tangazo la utalii wa Tanga. Mtu atakumbuka bahari na kusahau mafuta.

Mama Lushoto
Mimi niliwahi kuuza mafuta ya nazi ya mtu mwingine dukani kwangu huku milimani. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lushoto mwezi wa saba unaujua. Chupa zote ziligeuka nyeupe kama samli, na wateja wakazirudisha wakisema tumechanganya na mafuta ya mnyama. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Mwenye mafuta alikuwa na video nzuri sana yenye minazi na machweo, lakini hakuna mahali ilipoonyesha kwamba mafuta safi huganda, na kwamba ukiiweka chupa kwenye maji ya moto yanarudi kuwa maji. Picha ile moja tu ingeniokoa.

Ustadhi wa Mikanjuni
Bibie, mimi nakuomba uyaondoe maneno ya kuponya. Mnunuzi mwenye shida ya ngozi anapoona neno "kuponya" anaweza kuacha dawa aliyopewa hospitalini akakuamini wewe, na dhamana hiyo ni kubwa mbele ya Mungu kabla haijawa kubwa mbele ya serikali. Hata kwa sheria, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sema unalolijua: yanalainisha nywele, yananukia nazi, hayana kilichoongezwa.

Karani wa Bandari
Nimesoma yote, na hakuna aliyeuliza ninalotaka kuuliza. Chupa zilizo tayari leo ni ngapi, na ziko maduka gani?

Binti wa Ngamiani
Ustadhi, nimekuelewa kuhusu kuponya, nitayaondoa. Mama Lushoto, ahsante sana. Kaka Karani, mzigo hautakuwa tatizo, ninaomba turudi kwenye urefu.

Karani wa Bandari
Dada, sikuachii. Ngapi, na wapi?

Binti wa Ngamiani
Hazifiki mia. Ziko nyumbani kwangu. Duka bado sijapata, kwa sababu wenye maduka wanauliza alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, na maombi yangu ndiyo kwanza nayaandaa kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo. Fedha za tangazo ni mkopo wa kikoba, na nusu nimeshamlipa kijana. Lakini naomba msinielewe vibaya. Nimefikiri kwamba watu wakiliona tangazo wataagiza, na wakishaagiza nitakuwa na fedha ya kununua nazi nyingi. Mwenye duka naye akiona watu wanaulizia hatakuwa na sababu ya kunikatalia. Tena Ramadhani iko karibu, na ukipita msimu huo nitasubiri mwaka mzima.

Karani wa Bandari
Basi hili ndilo lililopaswa kuwa la kwanza kwenye uzi. Hebu tupige hesabu. Lita moja ya mafuta hutaka nazi 10 hadi 15, kutegemea ukubwa na ukomavu. Watu 500 wakiagiza chupa ya nusu lita, hizo ni lita 250, yaani nazi zisizopungua 2,500, za kukunwa, kukamuliwa na kupikwa huku wateja wanapiga simu. Nani atazikuna? Mtu aliyevutwa na tangazo akakosa bidhaa hakai kukungoja, anakwenda kwa mwingine, na wewe ndiye umelipia kumkumbusha kwamba anahitaji mafuta ya nazi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi uko TBS, kwa hiyo hiyo njia ya SIDO ndiyo sahihi, ila itangulie. Na jambo jingine: umetenga kiasi gani cha kulirusha tangazo likishakamilika? Wengi humaliza fedha zote kwenye kupiga picha, kisha video inaishia kwenye simu za ndugu.

Mpita Njia
Samahani, mimi siamini kisa hiki. Akaunti ni mpya. Mkuna nazi gani anakumbuka kwamba chupa inatokea sekunde ya 70? Naona huyu ndiye mpiga video mwenyewe, amekuja tumrekebishie kazi bila malipo. Kama ni mtengenezaji kweli, atueleze: ukishakamua tui, unafanya nini?

Mzee wa Chumbageni
Kijana, lugha ya heshima ni bora zaidi, ingawa swali si baya.

Binti wa Ngamiani
Sekunde ninazijua kwa sababu karatasi ya mpangilio iko mbele yangu. Swali lako nalijibu. Tui la kwanza ninalifunika na kuliacha usiku kucha, asubuhi krimu imepanda juu na maji yamebaki chini. Maji ninayamwaga, krimu ninaipika kwa moto mdogo na sikai mbali, kwa sababu mashapo yakishaanza kuwa ya hudhurungi yanabaki kidogo tu kuungua, na yakiungua mafuta yote yananuka moshi na kugeuka manjano. Kisha nachuja kwa kitambaa kikavu. Kikavu kabisa, maana tone la maji likibaki mafuta yanachacha upesi. Chicha nawapa majirani wenye kuku. Unataka nieleze na mwiko ninaoutumia?

Mama Lushoto
Mpita Njia umetufaa bila kujua. Mwanangu, hayo uliyoyaandika sasa hivi ndiyo ningetaka kuyaona mimi mwenye duka: mkono wako, moto mdogo, kitambaa kikavu. Mafuta ninayoletewa huku mengine yananuka moshi, na sikuwahi kujua kwa nini.

Mpita Njia
Nimeridhika, dada. Niwie radhi.

Binti wa Ngamiani
Nimekusamehe. Kesho nitazungumza na kijana. Nitamwomba tusogeze tarehe mpaka nipate majibu ya TBS na angalau maduka matatu ya Ngamiani, na nusu ya pili ya fedha nitainunulia nazi. Jahazi sijakubali kuliondoa, linaweza kukaa mwishoni kwa sekunde mbili. Fundi Sauti, tukirekodi jikoni kwangu, nizingatie nini?

Fundi Sauti
Sekunde mbili za jahazi hazina ubaya, mradi jina na mahali pa kununua vibaki vinasomeka juu yake. Jikoni ni pazuri kuliko ufukweni, kwa sababu upepo wa Raskazone huingia kwenye maikrofoni na hautoki tena. Zima feni na friji, vaa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo karibu na kidevu, na sauti ya nazi ikikunwa kwenye mbuzi irekodiwe peke yake, maikrofoni ikiwa karibu kabisa. Kwenye makubaliano ya maandishi adai mpiga video malipo yake, nawe udai nakala ya kusimama kwa ajili ya simu, nakala ya kulala kwa ajili ya televisheni, na picha zote ambazo hazijahaririwa. Lengeni sekunde 30. Sehemu ya mafuta kuganda na kuyeyuka itoeni kama video ya pili, fupi, ya kuwatumia wenye maduka wa Lushoto na Korogwe kabla ya mwezi wa sita.