Amonia bandani: hii EM ya kunyunyiza inasaidia kweli?

MamaBanda_Utawala
Hamjambo wanajamvi. Nina kuku wa mayai 300 hapa mtaa wa Utawala, Nairobi, banda la mabati, chini simiti na maranda. Tangu mvua ya Aprili ianze, nikifungua mlango asubuhi macho yanawasha hadi machozi. Kuku kadhaa wanapiga chafya, na jirani amelalamika mara mbili. Dukani nimeuziwa lita moja ya EM, yaani maji yenye vijidudu hai, eti vijidudu vyake vinamaliza harufu. Nimwage hivyo hivyo? Juzi nilinyunyiza chokaa, harufu ikazidi.

JogooWaKahawa
Dada, chokaa ndiyo iliyokuponza. Kinyesi cha kuku kina asidi ya uriki, na bakteria wa kwenye maranda mabichi huivunja ikawa amonia, ndiyo hiyo gesi inayokuwasha macho. Chokaa hupandisha pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi), amonia nyingi inapaa kama gesi. EM hufanya kinyume: bakteria wake wa asidi ya laktiki hushusha pH, amonia ikageuka amoniamu, ambayo haipai, na kubaki humo humo kwenye maranda. Toa kwanza maranda yenye chokaa, la sivyo viwili hivyo vitapigana.

Kifaranga254
Na usimwage kutoka kwa chupa, vijidudu hapo vimelala. Sehemu 1 ya EM, 1 ya molasi, 18 za maji, kwenye mtungi wa plastiki uliofungwa. Legeza kifuniko kila siku gesi itoke. Baada ya wiki hivi inanukia uchachu, kama uji uliochacha. Maji ya mfereji yana klorini inayoviua. Yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi, ama kinga maji ya mvua.

MzeeWaRuai
Mwanangu, EM naitumia pia, lakini haishindi maji. Finya maranda mkononi: yakishikana donge, yamelowa, na ukinyunyiza hapo unaongeza unyevu tu. Inua pazia hewa ipite, hata kama ni baridi. Usiiamini pua yako, huzoea. Amonia ikipita sehemu 25 kwa milioni ya hewa inaumiza njia ya hewa ya kuku, magonjwa yanaingia kirahisi. Hao wa chafya waone daktari wa mifugo. EM si dawa.

MamaBanda_Utawala
Asante mzee, asanteni nyote. Nimetoka kufinya sasa hivi: pembeni pakavu, chini ya vyombo vya maji donge tupu. Viwili vinavuja. Daktari anakuja kesho asubuhi, na mtungi wa EM nimeshauchanganya kwa maji ya mvua.