Sisi ndio tunajaza hizi shoo, tuache kusingizia mapromota

Naandika hii nikiwa na hasira na singoji kesho, juu kesho nitakuwa nimepoa na mtaniambia ni kitu kidogo. Asubuhi kwa grupu yetu ya WhatsApp, watu tulisoma nao, mtu ametuma posta ya msanii fulani wa zamani anakuja Nairobi, simtaji, kesi zake za kudhulumu wanawake kila mtu anazijua. Dakika kumi haziishi listi ya meza ya VIP imeanza, elfu tano kila mtu, mwisho Ijumaa. Nikauliza tu, jamani, huyu si ni yule? Nikajibiwa, "Wacha siasa, ni muziki tu."

Ati muziki tu. Haya turudi nyuma.

Julai 2016 Koffi Olomide, yule mwanamuziki wa Kongo, alitua hapa JKIA, na video ikamwonyesha akimrushia teke mwanamke, mcheza densi wake mwenyewe, hapo hapo uwanja wa ndege polisi wakiona. Mnakumbuka vile Nairobi iliwaka? Grupu yetu iliwaka, arudishwe kwao, asikanyage hapa tena. Na kweli akashikwa, kesho yake akapandishwa ndege, shoo ikafa. Siku hiyo nilijivunia huu mji, sidanganyi. Oktoba mwaka huo huo, hata miezi minne haijaisha, Chris Brown, mwimbaji wa Marekani, akashuka Mombasa na watu wangu hao hao wakafunga safari kwenda kumuona, mtu aliyekiri kosa mahakamani mwaka 2009 juu ya kumpiga Rihanna, mpenzi wake wakati huo. Hakuna aliyeuliza kitu.

Halafu Desemba 2023 Koffi akarudi, shoo ikafanyika ASK Dome kule Jamhuri. Katikati hapo mahakama ya rufaa Ufaransa ilikuwa imempa kifungo cha nje cha miezi 18 kwa kuwazuia wacheza densi wake wasitoke kwa nyumba, hiyo ni 2021, ingawa kwa mashtaka ya kuwadhulumu kingono ilimwachilia, lazima niseme yote. Vidole vile vile vilivyoandika "arudishwe kwao" vikatuma picha za meza na chupa. Wiki chache baadaye, 27 Januari 2024, tuko tao tunaandamana juu ya wanawake wanaouawa, na mmoja wa wale wa Desemba anatembea kando yangu na bango, amepiga kelele mpaka sauti imeisha, machozi yanamtoka. Hakuwa anaigiza, namjua miaka ishirini. Hapo ndipo panaponiuma, juu hawa si watu wabaya, ni marafiki zangu.

Kwa hivyo nilitaka kuelewa kwa nini. Na mwaka uliopita nikaelewa, juu mimi mwenyewe nilipewa tikiti ya bure nikaenda shoo ya mwingine wa hiyo rika, wa nje pia, naye jina lake limechafuka. Alitakiwa kuingia saa tatu, akaingia saa saba usiku. Sauti hakuna, nyimbo zinatoka kwa laptopu, yeye anashika maiki anatunyoshea sisi ndio tuimbe. Mama mmoja mbele yangu, pengine miaka 45, ameinua simu lakini haangalii steji, amefunga macho, anaimba neno kwa neno, na wimbo ulipoisha akamgeukia bwanake akamwambia, "Huu ndio tulicheza kwa harusi." Huyo mama hakuja kuona msanii. Alikuja kujiona yeye mwenyewe 2003, mwembamba, hana mkopo, mamake bado yuko hai.

Promota anajua hiyo kitu kuliko sisi. Kijana wa miaka 20 hana elfu tano, wa miaka 45 anayo, na hahitaji wimbo mpya, anataka ule wa zamani. Redio inaupiga mwezi mzima kabla ya shoo, inagawa tikiti, na hakuna mtangazaji anayeuliza kuhusu kesi. Msanii hata hahitaji kuomba msamaha, akitoa tu ule wimbo, kesi imeisha.

Na msiniambie mashabiki watamwacha pole pole. R. Kelly, mwimbaji wa Marekani, alishtakiwa 2002 kwa kesi ya kingono, na hiyo miaka yote kabla kesi iamuliwe 2008 aliendelea kutoa nyimbo na kujaza kumbi. Akaachiliwa, akaendelea. Kilichomsimamisha ni jela, kwa kesi nyingine akahukumiwa miaka 30 mwaka 2022. Johannesburg Desemba 2024 wanawake walikusanya maelfu ya sahihi wakipinga Chris Brown, bado akapiga siku mbili FNB Stadium, ule uwanja wa fainali ya Kombe la Dunia.

Sasa mnasema mimi nachukia muziki. Sijakataza mtu kusikiliza wimbo wa harusi yake kwa nyumba yake. Lakini tikiti si kumbukumbu, tikiti ni pesa unamtumia mtu leo, na kuna watu wanaangalia.

Binamu yangu anacheza na bendi moja hapa Nairobi, kwa klabu, Alhamisi mpaka Jumapili. Akichelewa anakatwa. Akinenepa anakatwa. Siku moja mkubwa wa bendi alimzaba kofi nyuma ya steji, mbele ya wapiga gita, juu ya kukosea hatua, na baada ya dakika tano akatakiwa kurudi steji akitabasamu. Alirudi, poda imefunika shavu. Nilimwambia tuende polisi, akaniuliza, "Dada, hata yule wa teke mlimjazia ukumbi, mimi nani atanisikiliza?" Nilikosa jibu mpaka leo.

Kwa grupu mnauliza mbona jina langu haliko kwa listi. Halitakuwako. Na wewe uliyekuwa Jamhuri Desemba na tao Januari, sikutukani, nakuomba tu uniambie nimjibu nini huyu mtoto, juu Alhamisi anaingia kazini tena.